Uzi: Mesopotamia kwa matope ya Sabaki (tunaosomesha watoto nyumbani karibuni)

MamaSabaki:

Asalam aleikum na habari za saa hizi nyote. Tangu niweke zile picha za watoto wamejaa tope mpaka masikioni nimeulizwa maswali mengi sana huko inboksi, sasa wacha niyamwage yote hapa manake kumjibu mmoja mmoja siwezi, na bando zenyewe mnazijua.

Wengi wetu tukifika historia ya kale tunakimbilia Misri, piramidi na mumia na Tutankhamun. Sina ugomvi na Misri. Ila ukiangalia projekti za Misri zilizojaa mtandaoni zinataka rangi ya dhahabu, bendeji, gluu, udongo wa kununua wa paketi, ukipiga hesabu pesa ya unga imeenda. Mie nimeanza na Mesopotamia, Iraki ya leo, kati ya mto Tigri na mto Frati, kwa sababu watu wale karibu kila kitu chao kilikuwa udongo, matete na mtende. Na udongo sisi watu wa Malindi tunao mpaka unatuharibia biashara, mvua ikinyesha huko bara mto Sabaki unashusha tope lote baharini maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa na mtalii anauliza bahari ya buluu ya kwenye picha iko wapi. Tope hilo hilo ndo limesogeza ufuo wetu mbele, wazee wanakumbuka maji yalikuwa yanafika wapi. Ur, mji mkubwa wa Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Mesopotamia, zamani ulikuwa karibu na bahari na leo uko mbali bara, mito imejaza. Kwa hivyo somo la kwanza nililifanyia ufuoni, hata kitabu sikubeba.

Na jambo moja kabla sijaendelea. Mie sitaki projekti ya kupiga picha. Mtoto akikata karatasi akapaka rangi akabandika ukutani, amefanya kazi ya mikono, historia hajagusa. Nataka agongane na shida yenyewe waliyogongana nayo wale watu, akwame, ndo aone kwa nini walifanya walivyofanya.

Tuanze na maandishi, hapo ndo tulikaa zaidi. Muulize mtoto watu walianza kuandika kwa nini, atakwambia hadithi, barua, dini. Vibao vya zamani kabisa vilivyochimbwa Uruk, mji mwingine wa Wasumeri, vya kama mwaka 3300 KK hivi, vingi ni mambo ya stoo tu, shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, nani kapewa nini. Sasa ukimwambia hivyo kwa mdomo atasema sawa mama na kabla ya chakula cha mchana ashasahau.

Nikawapa mchezo. Mkubwa, msichana wa miaka 10, ndo tajiri mwenye mbuzi yuko Mambrui. Mdogo wake wa miaka 7 ndo mchungaji. Mtoto wa jirani ndo mnunuzi, yuko Malindi mjini yaani upande wa pili wa uwa. Mbuzi ni kete ndogo za udongo tumezifinyanga asubuhi. Tajiri anampa mchungaji mbuzi 8 awapeleke, na mchungaji mie nshamnong'oneza mmoja amfiche mfukoni. Wakafika 7. Mnunuzi anasema nimeletewa 7, tajiri anasema nimetuma 8, mchungaji ati mie sijui labda amekufa njiani, kelele mpaka bibi yao akatoka ndani kuuliza nani kapigwa. Mie kimya, nakuna nazi yangu.

Baadaye mkubwa akasema basi mbuzi wafungwe. Wakazitia kete ndani ya donge la udongo, wakaliziba lote, tajiri akabonyeza dole gumba juu yake iwe ndo sahihi. Sawa. Sasa mnunuzi kabla hajatoa pesa anataka kujua mle ndani mna mbuzi wangapi, afanyeje? Avunje. Akivunja ushahidi umekwisha. Wakakwama hapo muda mrefu sana, na nawaomba kina mama wenzangu hapo ndo msifungue mdomo. Mdogo ndo akasema, si tuzibonyeze kete kwa nje kwanza kila moja iache alama yake halafu ndo tuzifungie? Nikaacha kukuna. Nikawauliza swali moja tu, kama alama ziko nje, hizo kete za ndani za nini tena? Wakatazamana. Mkubwa akalichukua donge akalipiga bapa kwa kiganja.

Hicho ndo kibao. Na ndivyo alivyoeleza mtafiti Denise Schmandt-Besserat aliyezifuatilia kete hizo kwenye makumbusho miaka na miaka, kete zinaanza kama 8000 KK, madonge yenye kete ndani karibu 3500 KK, halafu vibao bapa. Wenzake wanabishana naye kwenye vipengele fulani lakini kwa mtoto wa miaka 10 njia hiyo inaeleweka vizuri kuliko kitabu chochote.

Ntaendelea, acha nitoe chakula.

BintiLangoni:

Waleikum salaam dada. Mimi niko Amu, yaani Lamu, hapa kwetu ni mtanga tu, udongo wa kufinyanga hauko. Nimewaza yale matope ya mikoko kule nyuma, yatafaa? Na wangu ni wa miaka 5, si mdogo sana?

MamaSabaki:

Ya mikoko staki kukudanganya, yananuka na yana chumvi, yakikauka yanapasuka pasuka vibaya. Agiza mtu anayetoka huko bara, kijiji cha Hindi au Mpeketoni, akubebee nusu gunia la udongo wa shambani mweusi au mwekundu ule unaonata. Ukifika uloweke kwenye ndoo usiku kucha, koroga, uchuje kwa chandarua kuukuu mawe na mizizi ibaki, uache utulie, maji ya juu umwage, kilichobaki kifunge kwenye kitambaa ukining'inize mpaka kiwe kama unga wa chapati. Ukiwa na haraka unga wa ngano vikombe viwili na chumvi kimoja na maji kidogo kidogo utafaa kwa kuandika, kwa matofali hapana.

Miaka 5 mpe muhuri. Wasumeri walikuwa na mihuri ya mawe mviringo kama kigogo kidogo, kila mwenye mali na wake, unaviringisha juu ya udongo mbichi picha inajitokeza inajirudia rudia. Sisi tulitumia muhogo mbichi uliomenywa, unakata kipande kifupi, unachora samaki au nyota kwa msumari, unaviringisha. Mtoto akichora herufi ya jina lake itatoka kinyume, mwache ashangae.

KakaBarani:

Mama yangu hongera kwa kazi lakini mie naona tunajitia utumwa. Gede iko hapa kilomita chache, mji mzima wa Waswahili, sisi tunafundisha watoto Iraki. Kwani hatuna wetu?

MamaSabaki:

Kaka karibu, na swali lako nimelingoja. Gede tunakwenda, tena na chakula tunabeba tunakula chini ya mibuyu. Ila Gede ilianza kama karne ya 12 na ikahamwa karne ya 17. Ur ilikuwa mji mkubwa zaidi ya miaka 3000 kabla ya Gede. Mtoto akiona Gede peke yake anafikiri hiyo ndo zamani ya mwisho. Tukirudi Gede baada ya Ur ndo maswali yakaja yenyewe: mbona hapa kuta ni matumbawe na chokaa na kule ni udongo? Kwa sababu kule kusini mwa Iraki mawe hakuna, mbao ngumu hakuna, ni tope tupu, na hapa ukichimba kidogo unakutana na matumbawe. Haya na Wagiriama nyumba zao za kukandika je? Fito zipo, udongo upo. Mtoto wangu sasa akipita mahali anauliza hapa chini kuna nini. Hiyo Gede peke yake haikunipa.

Na tena hao watu tunahusiana nao, shaba yao ilitoka Magan, ndo Omani. Nani hapa hana shangazi au binamu Muscat?

KakaBarani:

Hapo umenimaliza haha. Endelea.

MamaSabaki:

Hesabu. Hii nawaomba muijaribu hata kama shule mnakwenda. Watu wa Babeli, mji mwingine wa Mesopotamia, walihesabu kwa 60, ndo maana leo saa ina dakika 60, dakika ina sekunde 60 na duara lina digrii 360. Mtoto atasema 60 ni ujinga, 10 si ndo rahisi. Mwambie ahesabu vipande vya vidole vinne kwa dole gumba la mkono huo huo, kila kidole kina vipande 3, jumla 12. Watoto wetu hapo hawasumbuki kabisa manake tasbihi wanavuta hivyo hivyo. Kila akimaliza 12 anakunja kidole kimoja cha mkono wa pili. Vidole 5 mara 12. Nimewapeleka sokoni kuhesabu maembe hivyo, mwenye maembe akawauliza mnafanya uchawi?

Kuandika namba ni alama mbili tu. Kijiti tulichonga kutoka uti wa kuti, ukate ncha iwe na pembe nne kali, hauchori bali unabonyeza pembe kwenye udongo halafu unainua. Kabari iliyosimama ni 1, kabari iliyolala kama ndoano ni 10. Mpaka 59 unazipanga tu. Ukifika 60 unarudi kwenye kabari moja iliyosimama, ile ile ya 1, ila inakaa nafasi ya kushoto. Bibi yao ana miaka 72, wakaandika kabari moja, nafasi, ndoano moja na kabari mbili, yaani 60 na 12. Mdogo akaikazia macho akasema lakini hii ya kwanza si 1? Utajuaje bibi hana miaka 13? Swali zuri mno, na Wababeli wenyewe muda mrefu hawakuwa na sifuri wala alama ya nafasi tupu, msomaji anaelewa kwa mazungumzo. Bibi alipoambiwa ana miaka 13 alifurahi sana.

MwalimuMstaafu:

Nimesoma yote. Nimefundisha miaka mingi na nasema wazi, michezo ni mizuri lakini mtoto lazima mwisho aandike, apimwe, ajue wapi hajaelewa. Wazazi wengi wa nyumbani wanafinyanga Jumatatu mpaka Ijumaa, ukimpa mtoto karatasi hana sentensi moja. Nauliza kwa heshima, wewe unapima vipi?

MamaSabaki:

Shikamoo mwalimu. Umesema kweli na mie pia nimewaona watu hao. Kwangu kila kazi ya mikono lazima izae maandishi ya Kiswahili kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa mkubwa, kwa mdogo mistari. Na kupima nawauliza swali ambalo hatukulifanya. Mfano baada ya mbuzi na kete nilimuuliza mkubwa, chama cha akina mama hapa mtaani wanaweka pesa bila daftari, watapata shida gani kwanza? Akinijibu hilo basi ameelewa, akishindwa turudie.

Na kuna maandishi yenyewe ya Wasumeri kuhusu shule, hayo mwalimu utayapenda. Wanafunzi waliyanakili sana ndo maana yamebaki. Mwanafunzi anasimulia siku yake: amechelewa, kapigwa. Kaongea, kapigwa. Kasimama bila ruhusa, kapigwa. Mwandiko mbaya, kapigwa. Akamwambia babake amwalike mwalimu nyumbani, mwalimu akaja, akakaribishwa vizuri, akala, akavishwa nguo mpya na pete, tangu hapo mwanafunzi anasifiwa kuliko wote. Tuliifanya mchezo wa kuigiza, mtoto wa jirani ndo mwalimu na fimbo ya ukuti, walicheka mpaka wakalia. Baba yao akasema kumbe chai ilianza zamani hivyo.

MwalimuMstaafu:

Marahaba binti yangu. Hiyo ya pete nakataa, mimi nilipewa kuku tu. Swali lako la chama cha akina mama ni zuri, hilo nalichukua.

UstadhiWaShella:

Asalam aleikum. Naomba nielewe, hawa si ndio waliokuwa wakiabudu masanamu na nyota? Mwawafundisha watoto wadogo mambo ya mahekalu, na kwenye zile picha naona wamejenga na mfano wake, hamuogopi?

MamaSabaki:

Waleikum salaam ustadhi, ahsante kwa kuuliza kwa upole. Mie sijifichi, nawaambia wazi kwamba kila mji ulikuwa na mungu wao wa kuchonga, na lile jengo kubwa la ngazi la Ur lilikuwa la mungu wao wa mwezi. Halafu nawauliza, Nabii Ibrahim alipotazama nyota, akatazama mwezi, akatazama jua, na kila kimoja kikazama, alikuwa anasema na watu gani? Kisa hicho wanacho cha chuoni tangu wadogo lakini hawakuwa na picha ya hao watu, sasa wanayo. Na Babil imetajwa kwenye Suratul Baqara, mkubwa ndo alinionyesha mwenyewe kwenye msahafu wake. Jengo hatukulijenga kama hekalu, tulilijenga kama tatizo la matofali, wacha niseme.

Ramani ya kitako chake ni mita kama 64 kwa 45, kokoto hakuna, saruji hakuna, ndani ni matofali ya udongo ya jua na nje matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa lami. Watoto walipiga matofali kwenye kiboksi cha mbao kisicho na kitako. Bechi moja udongo mtupu, bechi nyingine udongo na nyasi kavu zilizokatwa katwa. Yakikauka, ya udongo mtupu yanapata nyufa, yenye nyasi yanashika. Kila mtoto asimame juu ya tofali lake. Wao kule walikuwa na mwezi wao wa matofali, wa tatu kwenye kalenda yao, kama Mei na Juni, jua linaanza kuwaka na mafuriko yamepita. Hapa Malindi Mei ni masika, ukipiga matofali Mei utakusanya uji, fanyeni Januari au Februari kaskazi ikivuma.

Halafu soma nao sheria ya Hammurabi, yule mfalme wa Babeli wa kama 1750 KK, jiwe lake jeusi refu zaidi ya mita mbili lilipatikana Susa, Irani ya leo, mwaka 1901 na liko makumbusho ya Louvre, Paris, sasa. Mle kuna sheria kwamba fundi akijenga nyumba ikaanguka ikamuua mwenye nyumba, fundi naye auawe. Watoto wakafanya baraza la hukumu juu ya ukuta wa mdogo ulioanguka ukamponda sungura wa plastiki. Mdogo alijitetea vizuri, ati udongo aliuziwa mbovu na dada yake.

UstadhiWaShella:

Baarakallahu fiik. Kwa njia hiyo ya Nabii Ibrahim sina neno. Nitamuonyesha mke wangu huu uzi.

FundiMatondoni:

Mimi si msomi, naunda vyombo vya baharini. Hapo uliposema lami nimesimama. Vyombo vyao vilikuwa vya lami pia?

MamaSabaki:

Ndiyo fundi, na hapo ndo nakuhitaji wewe. Lami ilichimbuka yenyewe ardhini, mahali kama Hit kwenye mto Frati, wakaipaka kwenye vyombo vya matete. Vyombo vyenyewe vimeoza lakini huko Ras al-Jinz, Omani, walichimba vipande vya lami vya zaidi ya miaka 4000, upande mmoja vina alama za matete na kamba, upande wa pili vina chaza wale wadogo wanaong'ang'ania vyombo baharini. Kwa hivyo vilikwenda bahari kuu.

Tena kuna kibao cha udongo cha kama 1750 KK chenye habari za ile gharika, kinaeleza safina ya mviringo, ya kamba zilizosukwa kama kikapu halafu kupakwa lami. Safina ya gharika kwenye vibao ilishtua watu tangu 1872, George Smith alipoisoma kwenye kibao kilichotoka Ninawi, mji wa kale wa kaskazini mwa Iraki, akiwa Makumbusho ya Uingereza, London.

FundiMatondoni:

Chombo mviringo? Hicho hakiendi dada, kitazunguka tu.

MamaSabaki:

Kwenye mto kinakwenda fundi, Iraki walikuwa na vyombo hivyo mviringo kama ungo mkubwa wakibebea mizigo kwenye Tigri mpaka karne ya 20. Chashuka na mkondo. Swali langu, watoto wamesuka kakikapu kwa ukili, lami sitaki waishike, nipake nini kisiingie mayi?

FundiMatondoni:

Sisi chini ya chombo tunapaka deheni, ni chokaa na mafuta, juu tunapaka sifa, yale mafuta ya papa. Zote zanuka na deheni ni kazi ya mikono migumu, chokaa itawachoma watoto. Yeyusha mishumaa uipake ndani na nje, ukili uwe umekauka barabara, ukipaka ukili mbichi nta itabambuka. Na ukili ukazwe kwanza kama wa mkeka mzuri, nta haitaziba tundu. Halafu wakitie mzigo kidogo kidogo katikati, si pembeni, waone. Hiyo ndiyo skuli yetu sisi.

MamaSabaki:

Ahsante sana fundi, Mungu akupe. Kilibeba mawe mengi kabla ya kuzama, na walipoyaweka upande mmoja kilipinduka papo hapo kama ulivyosema.

Sasa ile nyingine ndefu kidogo lakini ndo naipenda kuliko zote, ni ya chumvi. Kusini mwa Iraki walimwagilia mashamba kwa mifereji miaka elfu na zaidi. Maji ya mto yana chumvi kidogo sana, jua linakausha maji, chumvi inabaki, mwaka hadi mwaka. Ngano haistahimili chumvi, shayiri inastahimili zaidi, na sehemu nyingi za kusini ngano ikapungua shayiri ikashika. Sisi wenye visima vya maji ya chumvi hapa Malindi hatuna haja ya maabara. Chukua makopo manne ya mafuta, panda kunde. Mawili mwagilia maji ya mvua, mawili maji ya kisima cha chumvi. Kila jozi kopo moja litoboe chini, jingine usilitoboe. Yaache juani. Kopo la maji ya kisima lisilotobolewa ndo litaanza kuonyesha ukungu mweupe juu ya udongo na kunde zitajikunja kingo za majani zikakauka. Lililotobolewa litavumilia zaidi manake chumvi inatoka na maji. Waulize sasa, shamba la kilomita na kilomita tambarare utalitoboa wapi?

BintiLangoni:

Subhanallah, hiyo nimeielewa mpaka shamba la babu yangu. Dada na ule mchezo wa ubao uliouonyesha kwenye zile picha, wenye nyumba za maua?

MamaSabaki:

Huo ni wa Ur, Leonard Woolley aliuchimba kwenye makaburi ya wafalme alipokuwa kule kati ya 1922 na 1934, ubao wenyewe ni wa kama 2600 KK, umepambwa kwa vipande vya kombe na mawe ya buluu. Nyumba 20, kila mchezaji kete 7. Sheria zimejulikana kwa sababu ya kibao cha mwaka 177 KK alichokisoma Irving Finkel wa hayo hayo Makumbusho ya Uingereza, ni cha nyuma sana kwa hivyo mchezo ulichezwa zaidi ya miaka 2000. Chora kwenye katoni: kipande cha nyumba 12, mistari mitatu ya nne nne, halafu daraja la nyumba 2, halafu kipande cha nyumba 6. Nyumba tano zina ua. Badala ya dadu zao za pembe tatu rusha kauri nne, hesabu zilizofungua mdomo. Kila mmoja anaingia upande wake, anapita mstari wa kati ambao ni wa wote, ukimkuta mwenzio hapo unamla anaanza upya, ukitua kwenye ua unarusha tena na huliwi. Anayetoa kete zote kwanza ndo mshindi. Baba wa nyumba hii na bao lake zima amefungwa na mtoto wa miaka 7.

Na barua, nilitaka kuisahau. Kuna mtu wa kama 1750 KK, Nanni, alimwandikia mfanyabiashara wa Ur, Ea-nasir, kulalamika shaba aliyoletewa ni mbovu na mtumishi wake kadharauliwa. Barua zao zilianza, mwambie fulani, hivi ndivyo asemavyo fulani, manake kuna mtu wa kukusomea. Nikawaambia kila mtu aandike malalamiko yake kwenye kibao. Ya mdogo hii hapa, kwa herufi zetu: "Mwambie baba, hivi ndivyo asemavyo mwanao. Ulisema utaniletea baiskeli ya magurudumu mawili. Ulileta ya matatu. Mimi ni mtoto mdogo? Tangu leo sitapokea kitu kabla sijakiangalia." Baba naye amejibu kwa kibao, anaomba muda mpaka mwisho wa mwezi.

BintiLangoni:

Hahaha maskini baba. Mimi naanza wiki hii inshallah. La mwisho, vibao nivichome kwenye jiko la makaa vishike?

MamaSabaki:

Usivitie jikoni vikiwa na unyevu, vinapasuka na kipande kinaweza kumruka mtu machoni. Na wala si lazima, vibao vyao vingi vilikaushwa tu. Maktaba ya mfalme Ashurbanipal kule Ninawi, vibao na vipande zaidi ya 30,000, mji ulipochomwa 612 KK moto uliounguza jumba ndo ulivichoma vibao vikawa vigumu. Vyako vikaushe kivulini siku kadhaa, uvigeuze geuze visipinde, halafu viweke mahali pasipovuja.

KakaBarani:

Mama mie na wangu wawili tunataka huo udongo wa Sabaki. Unachota wapi?

MamaSabaki:

Mdomoni mwa mto msiende na watoto, kuna viboko na mamba na si maneno. Mie naagiza kwa kijana mwenye mkokoteni analeta udongo wa kukandikia nyumba, unachota kwake ndoo mbili tatu. Ntakutumia namba yake inboksi. Mwambie hutaki wenye mchanga, na ukileta nyumbani uchuje hata akikuapia kwamba ni safi.